Kuuza kompyuta ya KIM-1 inayofanya kazi: nianzie wapi?

Makole_Dodoma aliandika:

Wakuu, habari za wakati huu. Marehemu baba, aliyesomea uhandisi wa umeme Uingereza mwishoni mwa miaka ya sabini, ametuachia kompyuta ya bodi moja iitwayo KIM-1, ambayo kampuni ya MOS Technology ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 1976. Kwa asiyeifahamu, haina kasha, haina skrini wala kibodi ya kawaida. Ni bodi tupu ya kijani yenye vitufe 23, swichi moja ndogo ya kusukuma na tarakimu sita nyekundu, ikiendeshwa na kichakataji cha 6502 na kumbukumbu ya kilobaiti moja tu. Familia imekubaliana iuzwe, na fedha zitakazopatikana zisaidie ada ya mdogo wetu aliye chuoni.

Bodi iko hai. Nikiiunganisha na pawa saplai ya baba na kubonyeza kitufe cha RS (cha kuanzisha upya), tarakimu zinawaka na vitufe vyote vinaitika. Tunavyo pia vitabu vyake vitatu vya mwongozo na ule mchoro mkubwa wa saketi. Fundi mmoja hapa mjini amenishauri niisafishe kwa spiriti na kubadilisha kapasita zote ili ing'ae kabla ya kupigwa picha. Wakati huohuo, mtu aliyejitambulisha kuwa yuko Ujerumani ananihimiza niitume haraka, naye atalipa ikishafika. Ninaomba mwongozo kuhusu bei, matengenezo na namna ya kuisafirisha.

FundiMstaafu alijibu:

Pole kwa kufiwa, mwanangu. Nimefanya kazi na bodi za kizazi hicho kwa miaka mingi, na ninakusihi usibadilishe kitu chochote. Mkusanyaji hanunui mng'ao. Ananunua bodi iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, na kila kapasita mpya utakayolehemu itampa sababu ya kushusha bei. Spiriti nayo inaweza kufuta maandishi yaliyochapwa juu ya chipu, na maandishi hayo ndiyo yatakayothibitisha umri wake. Vumbi letu la Dodoma liondoe kwa brashi laini iliyo kavu, basi. Hali ya hewa ya hapa, kwa kweli, imekutendea wema: bodi iliyokaa miaka hiyo yote pwani, penye unyevu na chumvi, aghalabu miguu ya chipu zake huwa imeliwa na kutu. Ubaya wa ukavu huu ni umeme tuli, hasa wakati wa kiangazi, kwa hiyo gusa kwanza chuma kilichounganishwa na ardhi, kisha ishike bodi kwa kingo zake tu.

Kila unapotaka kuiwasha, pima pawa saplai kwa multimita kabla ya kuiunganisha. Bodi inahitaji volti 5 zilizotulia, za takriban ampea 1.2, na volti 12 zinahitajika kwa ajili ya kaseti ya kuhifadhia programu peke yake. Pawa saplai ya zamani ikipandisha volti ghafla, itaua zile chipu mbili za 6530, nazo ndizo roho ya bodi hiyo. Programu ya kuanzia ilichomwa ndani yake kiwandani, moja imeandikwa 6530-002 na nyingine 6530-003, hivyo 6530 nyingine yoyote uliyoiokota haiwezi kushika nafasi yake.

Kuna jambo moja ambalo huwachanganya wengi. Tazama kiunganishi ambacho baba yako alikichomeka kwenye ukingo wa bodi. Naamini utakuta waya mfupi unaounganisha pini K na pini 1, yaani ardhi. Bila waya huo bodi huonekana imekufa kabisa hata kama ni nzima. Mweleze mnunuzi habari hiyo kwa maandishi, maana asipoijua ataiwasha, ataona giza, na atadai arudishiwe fedha zake.

Kuhusu neno "inafanya kazi", tarakimu kuwaka hakutoshi. Piga video ukiingiza programu fupi ya kujumlisha iliyomo kwenye mwongozo. Kwanza weka 00 kwenye anwani 00F1, yaani nafasi yenye namba hiyo katika kumbukumbu, ili hesabu isiende kwa mfumo wa desimali. Kisha weka 02 kwenye anwani 0000 na 03 kwenye anwani 0001, na kuanzia 0002 ingiza 18 A5 00 65 01 85 FA A9 00 85 FB 4C 4F 1C. Bonyeza AD, andika 0002, halafu GO. Tarakimu zikisoma 0005 65, umekwisha kuonyesha kwamba kichakataji, kumbukumbu, vitufe na programu ya kuanzia vyote vinaelewana. Ile 65 ya mwisho isikutie shaka, kwani ni kile kilichohifadhiwa kwenye anwani 0005, sehemu ya programu yenyewe.

Mkusanyaji_Njiro alijibu:

Fundi amemaliza upande wa ufundi. Mimi niseme kuhusu bei. Ilipotoka mpya iliuzwa dola 245, lakini takwimu hiyo haikusaidii leo. Ingia eBay, soko la mtandaoni, tafuta KIM-1, kisha chuja uone zile zilizokwisha kuuzwa, kwa sababu bei anayoitaja muuzaji ni matumaini yake tu. Utaona kwamba bodi nzima zenye ushahidi wa kufanya kazi huuzwa kuanzia mamia kadhaa ya dola, na nyingine huvuka elfu moja. Usivunjwe moyo wala usivimbishwe kichwa na habari za Apple-1, kompyuta ya kwanza ya kampuni ya Apple, ambayo nayo ni ya bodi moja na ya mwaka 1976. Ile ilitengenezwa kiasi cha 200 tu, ndiyo maana moja ilinunuliwa dola 905,000 mnadani New York mwaka 2014. KIM-1 zilitengenezwa nyingi zaidi.

Kinachotofautisha KIM-1 moja na nyingine ni toleo na tarehe. Commodore iliinunua MOS Technology mwaka huohuo wa 1976, kwa hiyo bodi za awali zina nembo ya MOS na za baadaye zina ya Commodore. Piga picha ya nembo, ya herufi ya toleo, na ya kila chipu kwa karibu kiasi kwamba tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka zinasomeka bila kukisia. Chipu nyeupe za kauri hupendwa kuliko nyeusi za plastiki. Piga na upande wa nyuma, ili ionekane kwamba hakuna lehemu mpya. Siku hizi kuna nakala za kisasa kama PAL-1, na mnunuzi makini atataka kuhakikisha kwamba yako ni ya asili.

Huyo wa Ujerumani mwache. Mnunuzi wa kweli hakukimbizi. Weka tangazo pia kwenye jukwaa la Vintage Computer Federation, ambako watu wanaijua bodi hii kwa undani, na usitume kitu mpaka fedha ziwe zimeingia na kutulia kwenye akaunti yako ya benki. Ujumbe wa simu unaosema zimetumwa si fedha.

Mhadhiri_Kati aliandika:

Naomba nitofautiane kidogo na walionitangulia. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na athari yake iliendelea kwa miaka mingi. Kwa hiyo kompyuta ya nyumbani ya miaka hiyo, iliyomilikiwa na Mtanzania na bado inawaka, ni adimu hapa hata kama Marekani zimejaa. Kabla ya kuipeleka nje, je, familia ingekubali kuzungumza na Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho kina ndaki nzima ya tehama? Mwanafunzi akiingiza programu baiti kwa baiti kwa vitufe ataelewa kichakataji kwa namna ambayo hakuna mhadhara utakaoifikia.

Makole_Dodoma alijibu:

Shikamoo mzee FundiMstaafu, na asanteni wote. Waya wa pini K upo kama ulivyosema, na nembo ni ya MOS. Baba alirudi na bodi hii miaka ya tisini, kwa hiyo marufuku ile haikumgusa. Hoja ya mhadhiri nimeifikisha kwa mama. Amesema ada haiwezi kusubiri, lakini chuo kikitoa bei inayokaribiana na ya nje, tutakipa kipaumbele. Je, nikiuza nje nitahitaji kibali cha mambo ya kale?

Mkusanyaji_Njiro alijibu:

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda hasa vitu vya kabla ya mwaka 1863, hivyo kwa umri wake bodi yako haihusiki. Posta utajaza fomu ya forodha. Andika ukweli: kompyuta ya zamani iliyotumika, na thamani halisi uliyolipwa, huku mkikubaliana mapema kwamba ushuru wa kule ni wa mnunuzi. Ifunge kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, usiizungushie nailoni ya kawaida, kisha tumia boksi ndani ya boksi. Pawa saplai ibaki nyumbani, kwani ni nzito na inaweza kuiponda bodi njiani. Ukipata mnunuzi aliyeko Dar es Salaam, panda nayo treni ya SGR ukiwa umeipakata mwenyewe.

FundiMstaafu aliandika:

Marahaba, mwanangu. Jumamosi asubuhi niko Majengo. Njoo na bodi na mwongozo wake, nami nitaleta multimita na pawa saplai yangu, ile video tuipige siku hiyohiyo.