Laptopu ya nyumbani imekuwa nzito kupita kiasi, nianzie wapi? (Niko Wete)

UmmuIlham

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Naomba ushauri kwa wenye ujuzi. Nna laptopu Dell Latitude E6430, niliinunua ikiwa imeshatumika. Prosesa yake ni Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM (kumbukumbu ya muda) 4GB, diski 320GB, na ndani mna Windows 10. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, na hii ndiyo mashine ya nyumba nzima. Mimi natayarishia maandalio ya masomo na kuingizia alama, mume wangu anaweka hesabu za duka, na binti yetu wa Kidato cha Nne anasomea humo humo.

Tatizo lenyewe: nikiwasha, neno la siri linaingia vizuri, kisha ndipo mambo yanapoanza. Kile kiduara kinazunguka tu, nikibofya faili haliitiki, na kile kitaa kidogo cha diski kinawaka moja kwa moja bila kupepesa. Naweza kuteleka maji ya chai yakachemka, Excel bado haijafunguka. Baada ya muda mrefu inachangamka kidogo, lakini nikifungua Chrome na Excel kwa pamoja inaganda tena.

Fundi mmoja kaniambia nimwachie aipige Windows upya. Mwengine kasema nisipoteze pesa, ninunue nyengine. Nilichonacho ni laki moja na nusu, na alama za wanafunzi wote zimo humo. Naomba mnielekeze.

Kijana_Chake

Waalaykum salaam dada. Fomati tu, piga Windows mpya, itakuwa nyepesi. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, nikaifomati ikapona.

FundiMlandege

Waalaykum salaam mwalimu. Usikubali kufomati kabla hujajua kinachoikaba. Kufomati kunaisaidia mashine iliyojazwa programu za ovyo au virusi. Kama kinachokufa ni chombo chenyewe, utalipa pesa, itachangamka siku chache, halafu utarudi pale pale, na pengine alama zimeshapotea.

Leo hii, kabla ya jambo lolote, nakili alama na hesabu za duka kwenye flashi. Kisha nakili tena mahali pengine, hata kwenye simu. Usingoje kesho.

Ukimaliza, iwashe na uiache itulie bila kufungua kitu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Likija dogo, bofya maneno ya chini kabisa lipanuke. Juu utaona CPU (prosesa), Memory (RAM) na Disk (diski), kila moja na asilimia yake. Niandikie hizo asilimia. Halafu pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure na ni ndogo, haitakula bando lako. Ukiifungua itakuonesha hali ya diski kwa rangi: buluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Niambie umeona rangi gani.

UmmuIlham

Ahsante sana fundi. Kila kitu nimeshakinakili, kwenye flashi na kwenye simu ya mume wangu.

Haya ndiyo niliyoyaona. CPU inacheza kati ya asilimia 10 na 20. Memory 81. Disk imekaa 100 haishuki, nami sijafungua kitu chochote. Nilipoingia ndani nikaona kasi ya diski ni kama MB 1 kwa sekunde, wakati mwengine chini ya hapo. Hapo nikashangaa, imechoka vipi na kazi yenyewe ndogo hivyo? CrystalDiskInfo imetoa njano, na kidoti cha njano kiko kwenye mstari ulioandikwa Reallocated Sectors Count.

FundiMlandege

Basi jawabu umelipata mwenyewe, mwalimu. Prosesa yako haina kosa, inakaa inasubiri tu. Anayesubiriwa ni diski.

Hiyo MB 1 iliyokushangaza ina maelezo. Ndani ya diski ya aina yako mna visahani vinavyozunguka, na juu yake kuna kichwa kinachohama huku na huku kusoma. Kikisoma faili moja kubwa lililonyooka kinakwenda vizuri. Lakini Windows ikiwaka haiombi faili moja kubwa, huomba vifaili vidogo maelfu kwa maelfu vilivyotapakaa kila pembe ya sahani. Kichwa kinakwenda mbio kutwa, ila muda wote unaishia safarini, kusoma kwenyewe ni kidogo. Kwa hiyo asilimia 100 na MB 1 havipingani.

Ile njano sasa. Maana yake ni kwamba kuna sehemu za diski zimeharibika, na diski imezihamishia kazi yake kwenye sehemu za akiba. Inaweza kuishi mwaka, inaweza kufa kesho. Diski ya namna hii haifomatiwi kwa kutegemea itapona. Unaibadilisha.

Tafuta SSD, yaani diski isiyo na visahani, ya 240GB au 256GB, inchi 2.5, yenye kiunganishi cha SATA. Usiuziwe ile nyembamba kama kijiti, yaani M.2, kwani mahali pa diski yako pamepimwa kwa ile ya inchi 2.5. SSD haina kinachozunguka wala kichwa kinachohama, ndiyo maana vile vifaili vidogo inavichukua mara moja. Kwa faili kubwa hufika MB 500 kwa sekunde. Na kwenye E6430 diski inatoka ubavuni: unazima, unachomoa chaja na betri, unafungua skrubu mbili, unaivuta. Binti yako wa Kidato cha Nne anaweza kuifanya kazi hiyo wewe ukitazama.

Usihamishe Windows ya zamani kwenda kwenye SSD. Kunakili kutoka kwenye diski yenye sehemu mbovu mara nyingi hukwamia katikati, na ukifanikiwa umebeba na uchafu wake. Piga Windows upya juu ya SSD. Kama ile uliyonayo imeshasajiliwa kihalali kwenye mashine hiyo, leseni itajitambua yenyewe ukiunganisha intaneti, maana imefungamana na ubao mama, haikufungamana na diski. Kwa hiyo Kijana_Chake hakukosea kuhusu kupiga upya, ila diski ndiyo inayotangulia.

Kijana_Chake

Nimekufahamu fundi. Ya kwangu kumbe diski ilikuwa nzima. Na zile programu za kusafisha kompyuta, asiweke moja wakati anasubiri SSD?

FundiMlandege

Hapana. Nyingi zinajiwasha pamoja na Windows na kuongeza mzigo ule ule tunaoukimbia. Katika Task Manager kuna sehemu ya Startup: azime humo kila asichokihitaji mara tu anapowasha, mathalan vichezeshi vya muziki na programu za kujisasisha za printa. Na kama ameweka antivairasi mbili, aondoe moja, kwa sababu kila faili linalofunguliwa linakaguliwa mara mbili. Windows 10 ina ya kwake, Defender, inatosha.

PwaniYaMicheweni

Mwalimu, na mimi nataka kuongeza jambo ambalo watu wa visiwani tunalipuuza. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na vumbi likichanganyika na unyevu linashikana kwenye feni kama kitambaa. Feni ikiziba, prosesa inapata joto, na ikipata joto sana inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Kwa vipimo alivyotoa mwalimu hilo silo linalomsumbua leo, lakini mashine itakapofunguliwa isafishwe siku hiyo hiyo. Brashi laini tu inatosha, na uishike feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Baada ya hapo iwekwe mezani. Juu ya godoro na mto ndipo inapokosa pumzi.

La pili ni betri. Inashika chaji?

UmmuIlham

Haishiki kabisa. Umeme ukikatika na yenyewe inazima pale pale.

PwaniYaMicheweni

Hapo pana madhara makubwa kuliko watu wanavyodhani. Laptopu yenye betri nzima haijui kama umeme umekatika. Yenye betri iliyokufa inazimika katikati ya kuandika, na faili lililokuwa linaandikwa linaharibika, pengine hata la Windows yenyewe. Hata SSD haipendi kuzimwa ghafla. Ningekuwa mimi, katika hiyo laki moja na nusu ningenunua SSD kwanza, betri ya pili, RAM baadaye.

Dada_wa_Mkunazini

Mimi nasema RAM ije kabla ya betri. 81 kwa mia na hajafungua kitu! Akifungua Chrome tu RAM inajaa, na ikijaa Windows inaanza kuazima nafasi kwenye diski. Shoga, katika Task Manager ingia Performance, kisha Memory, utazame palipoandikwa Slots used, yaani nafasi za vijiti vya RAM zilizotumika. Ikisema 1 of 2 una bahati, unaongeza kijiti cha 4GB cha laptopu, aina ya DDR3, na unafika 8GB. Ikisema 2 of 2 basi una viwili vya 2GB, itabidi kimoja kitoke.

Na tahadhari ya kununua: SSD na flashi za bandia zipo madukani. Ukiona imeandikwa 2TB kwa bei ya 240GB, kimbia. Mwambie muuzaji unataka dhamana, na ukifika nyumbani ijaribu kwa H2testw kabla hujaweka kitu. Programu hiyo inaijaza kweli kweli kisha inaisoma upya, ya uongo inajulikana. Tena bure.

Maalim_Kiuyu

Kuna suala hapa halijaguswa. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haizimiki kwa sababu hiyo, lakini viraka vya usalama haviji tena ila kwa aliyejiandikisha katika mpango wa nyongeza, ambao kwa watumiaji wa nyumbani mwisho wake ni Oktoba 2026. Windows 11 inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Ya mwalimu ni ya tatu, haimo. Wapo mafundi watakaokuwekea kwa njia za panya. Mimi sikushauri, kwa sababu Microsoft yenyewe haiahidi masasisho kwa mashine iliyoingizwa hivyo.

Mimi natumia Linux Mint kwenye mashine ya umri huo huo na inakwenda. Unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kutoka kwenye flashi, unaijaribu bila kugusa diski. Ndani yake mna LibreOffice inayofungua faili za Excel.

UmmuIlham

Maalim, kwa alama zangu ingefaa, lakini programu ya duka ya mume wangu ni ya Windows tu. Tutabaki na Windows 10, nitajiandikisha kwenye huo mpango, na hiyo Mint tutaijaribu kwa flashi ili tuizoee mapema.

Dada, nimetazama, imesema 1 of 2, alhamdulillahi. Lakini pesa haitoshi vyote vitatu. Naanza na SSD na betri kwa sababu huku umeme ukikatika napoteza kazi ya jioni nzima, RAM nitaifuata mshahara ukiingia. Fundi, hii diski ya zamani nikiitoa nifanye nini nayo? Kuna jirani anataka kuinunua.

FundiMlandege

Usimuuzie. Kwanza ni mbovu, atakuja kulalamika. Pili, majina na alama za watoto wa watu zimo humo, na kufuta kwa kawaida hakuziondoi, mwenye programu ya kurudisha atazirudisha. Iweke kabatini mpaka uhakikishe hakuna faili ulilolisahau, kisha tutoboe visahani kwa drili. Na usiifanye ya akiba hata siku moja.

Kijiti cha 4GB cha DDR3 ninacho. Nitakuwekea hadi mwisho wa mwezi.

UmmuIlham

Niwekee fundi. Mdogo wangu anasoma huko Unguja, nitamtuma aje akichukue.