Mjadala: Kabla ya chanjo nyingine, nani atatueleza yaliyotokea 2020 na 2021?

Mtoa mada (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili limenikaa kifuani muda mrefu, na limeamka tena juzi nilipomsikia ofisa mmoja redioni akisema Watanzania waligomea chanjo ya korona mwaka 2021 "kwa kukosa elimu". Nimeshindwa kunyamaza.

Tukumbushane tarehe, maana tunasahau upesi. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa 16 Machi 2020. Mwanzoni mwa Mei takwimu zikagota kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa hapo zaidi ya mwaka mzima. Tarehe 3 Mei Rais Magufuli, akiwa Chato, alitueleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu, zikarudi na korona. Juni tukatangaziwa kwamba ugonjwa umeisha. Tarehe 27 Januari 2021, Chato tena, tukaambiwa chanjo hazifai: kama wazungu wangekuwa na uwezo huo wangeshapata ya UKIMWI, ya kifua kikuu, ya malaria, ya saratani. Siku tano baadaye Wizara ya Afya ikasema haina mpango wa kupokea chanjo, na waziri akatuonyesha mbele ya kamera namna ya kutengeneza kinywaji cha tangawizi na limao. Ikafika 28 Julai mwaka huo huo. Rais Samia akachanjwa Ikulu, nchi nzima ikishuhudia, na sisi tukahimizwa kujitokeza. Dozi zilizoletwa zilikuwa 1,058,400 za chanjo ya Janssen. Waziri wa afya alikuwa yule yule wa tangawizi.

Sasa mtu aliyesita Agosti alikosa elimu gani? Elimu alipewa. Alipewa na dola yenyewe, kwa zaidi ya mwaka, na aliishika vizuri.

Baba yangu mdogo alifariki wiki ya tatu ya Februari 2021, katika hospitali moja ya mkoa. Ilikuwa wiki ile ile tuliyompoteza Maalim Seif, makamu wa kwanza wa rais wa Zanzibar. Daktari alituita pembeni akasema kwa sauti ya chini, "changamoto ya upumuaji." Cheti kikaandikwa nimonia. Tulimzika kama tunavyozika siku zote, tukamwosha, tukajazana msibani, na shangazi yangu alifuata siku kumi na mbili baadaye. Wote tunajua kilichowaua. Hakuna karatasi hata moja nchini inayokitaja.

Hoja yangu ni moja. Serikali itoe taarifa kamili ya miezi ile: walikufa wangapi zaidi ya kawaida, nani alishauri takwimu zisitishwe, wataalamu walisema nini. Simtafuti mtu wa kufungwa. Natafuta maneno yaandikwe, kwa sababu janga lijalo litakuja na chanjo yake, na watu watakumbuka.

Mchangiaji wa kwanza (Singida)

Mkuu, pole kwa misiba. Nimefiwa mimi pia, kwa hiyo usinichukulie kama mtu asiyejali.

Ila nyie mnaoandika habari hii mna tabia ya kufunga vitu viwili kwenye furushi moja. Chanjo ni jambo moja, kufungia watu ndani ni jambo jingine. Kwenye chanjo labda mzee Magufuli alikosea, sitabishana sana. Kwenye kufungia watu alikuwa sahihi na nitamtetea mpaka kesho. Mimi nauza mitumba. Nikikaa nyumbani siku tatu, ya nne watoto hawali. Angalia Uganda: shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Karibu miaka miwili! Kuna mabinti walioolewa hapo katikati, kuna wavulana walioingia kwenye machimbo na hawakurudi darasani. Kenya polisi walipiga watu marungu kwa kuchelewa kufika nyumbani saa za amri ya kutotembea. Watoto wetu walikuwa wamerudi shuleni tangu mwisho wa Juni 2020. Na nchi yetu karibu nusu ya watu wako chini ya miaka 18, ugonjwa wenyewe unachagua wazee. Huo nao ni upimaji wa hatari, hata kama haukufanywa kwa kompyuta.

Ukifukua makaburi haya leo, utapata watu wa kulaumiana tu. Anayemlaumu marehemu hapati jibu, na waliomtii bado wako ofisini.

Muuguzi (Tanga)

Naomba nichangie, mimi nilikuwa kwenye meza ya chanjo.

Kaka wa Singida, nakuunga mkono kwenye shule, nina wanangu watatu. Ila usiseme "labda alikosea" halafu ukapita. Aliposema chanjo ya kifua kikuu ingekuwa imeshapatikana, mimi nilijishika mkono wa kulia. Pale pana kovu. Wewe pia unalo, karibu kila Mtanzania analo. Ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu, tunaitoa mtoto akizaliwa. Haikingi kila kitu, kwa mtu mzima haisaidii sana, lakini inawakinga vichanga dhidi ya kifua kikuu kibaya cha ubongo. Nchi nzima ilisikiliza maneno yale huku ina kovu mkononi, na sisi tuliojua tulikaa kimya. Nasema hivi kwa uchungu. Tulikuwa na watoto wa kulisha na barua za kazi.

Kilichotokea Agosti nawaeleza kama nilivyokiona. Wiki za mwanzo walikuja wastaafu, walimu, watu wenye safari. Baada ya hapo meza ikawa tupu. Tulikaa tunaangaliana. Niliyoulizwa yalikuwa ya aina mbili. Kuna yale ya kuhuzunisha: nguvu za kiume zitaisha, utakufa baada ya miaka miwili, ukishikisha balbu hapa begani inawaka. Na kuna lile moja ambalo sikuwahi kulijibu vizuri: "Sista, Januari mlisema haifai. Kimebadilika nini?" Ningemjibu nini? Chanjo haikubadilika, virusi havikuwa vipya. Waliobadilika ni wasemaji. Halafu unampa fomu ya ridhaa aweke saini. Mtu hajawahi kutia saini kumchanja mtoto wake surua wala pepopunda, leo unamwekea karatasi na kalamu. Anaona mtego.

Kanisani nako pakachafuka. Askofu Gwajima, wakati ule mbunge wa chama kinachotawala, alihubiri dhidi ya chanjo wiki baada ya wiki, Bunge likamsimamisha mikutano miwili. Kusimamishwa kwake hakukunipa mtu hata mmoja wa kuchanja. Walisema, "Mnaona? Anasema kweli ndiyo maana wanamziba mdomo."

Hali ilibadilika tulipoacha kungoja vituoni tukaanza kwenda kwa watu: minadani, misikitini baada ya Ijumaa, kwenye mialo, nyumba kwa nyumba. Mimi nilichanja watu wengi zaidi kwenye kibaraza cha bibi mmoja muuza mihogo kuliko mezani kwetu kwa mwezi. Yeye alichanjwa wa kwanza, akaendelea kukaanga mihogo yake kila asubuhi, watu wakamwona hajafa. Ndivyo nchi hii ilivyotoka mkiani na hatimaye kuvuka nusu ya watu wake. Kwa hiyo wanaosema Mtanzania ni mgumu kuelewa, hawajakaa naye.

Linaloniumiza sasa ni watoto. Mama ananiletea binti kwa ajili ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ananishika mkono: "Siyo ile ya korona?" Swali hilo zamani halikuwepo.

Mchangiaji wa tatu (Mwanza)

Mimi sikuchanja na sijutii. Naandika kwa heshima, naomba nijibiwe kwa heshima.

Sikuogopa balbu. Nilisoma. Tarehe 13 Aprili 2021 Wamarekani waliisimamisha Janssen kwa sababu ya damu kuganda, wakairudisha baada ya siku kumi. Julai tukaletewa hiyo hiyo. Mei 2022 mamlaka yao ya dawa ikabana matumizi yake, wengi wakaelekezwa kwenye chanjo nyingine. Nilikuwa na miaka 31, mzima, naendesha bodaboda juani kutwa. Nikajiuliza: korona ina uwezekano gani wa kuniua mimi? Mdogo. Basi kwa nini nibebe hatari nyingine, hata kama ni ndogo, na saini nimeweka mwenyewe, nikipata madhara nani atanilea?

Halafu hizo nchi tajiri zilipokuwa zinahodhi chanjo mwanzoni mwa 2021, hakuna aliyetukumbuka. Zilipoanza kubaki, tukawa ndugu. Mtu akinipa chakula baada ya yeye kushiba na kukataa sahani ya pili, nina haki ya kukinusa.

Mchangiaji wa nne (Goma)

Jambo zote. Nasoma nyinyi wa Tanzania na naona kama mnaongea juu ya sisi.

Ebola ya Kivu, huku kwetu mashariki mwa Congo, ilitangazwa 1 Agosti 2018. Ilichukua watu 2,287 mpaka ilipoisha Juni 2020. Chanjo ilikuwepo tangu mwanzo, na ilikuwa chanjo nzuri, zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Na bado kuna watu walikimbia, walificha wagonjwa, vituo vilichomwa. Daktari wa Shirika la Afya Duniani aliuawa hospitalini Butembo, Aprili 2019.

Wageni waliandika kama watu wa Beni ni wajinga. Sikieni: Beni watu wanachinjwa kwa mapanga tangu 2014, na dunia haikuleta hata gari moja. Ebola ikaja, magari meupe yakajaa barabara. Mama anauliza: wakati walichinja watoto wangu mlikuwa wapi? Na Desemba 2018 tume ya uchaguzi ikasema Beni na Butembo hawapigi kura ya rais, sababu Ebola. Lakini sokoni tulienda, kanisani tulienda. Sasa nani ataamini ugonjwa ambao unakamata kwenye uchaguzi tu? Na wakati ule ule surua ilikuwa inaua watoto wa Congo zaidi ya 6,000. Makamera hayakuja.

Sisemi walifanya vema kukimbia. Mjomba wangu alikataa na alikufa. Nasema tu chuki yao haikuwa juu ya chanjo yenyewe.

Mtoa mada

Ndugu wa Goma, asante sana, na pole. Hilo la kura sikulijua.

Mwanza, nakujibu kwa heshima uliyoiomba. Hesabu yako imekamilika upande mmoja. Waliposimamisha Janssen Marekani walikuwa wameona wanawake sita wenye tatizo lile, kati ya dozi zaidi ya milioni 6.8. Lakini tuliache hilo, umri wako na uzima wako nakubali vilikupa nafuu. Swali langu ni hili: upande wa pili wa mizani uliutoa wapi? Ulijuaje korona ilikuwa inaua watu wangapi Mwanza Februari 2021? Hukujua. Hakuna aliyejua, kwa sababu takwimu hazikutolewa. Ulipima hatari ya sindano kwa takwimu za Marekani, na hatari ya ugonjwa kwa ukimya wa Tanzania. Usingeweza kupata jibu sawa, hata ungekuwa profesa. Kanisa Katoliki peke yake lilisema limezika mapadri zaidi ya 25 na watawa 60 ndani ya miezi miwili. Zidisha hapo kwa wasio na kanisa la kuwahesabu.

Singida, unasema tusifukue. Angalia Kagera. Machi 2023 Marburg, ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola, ilitangazwa mapema, wagonjwa wakatajwa: tisa, wakafa sita, watu wa Bukoba wakashirikiana ikaisha. Januari 2025 ikarudi, Biharamulo. Shirika la Afya Duniani likatoa taarifa tarehe 14, wizara yetu ikajibu kwamba sampuli hazina Marburg. Tarehe 20 Rais akathibitisha mgonjwa yupo. Mwisho wa hesabu walikufa watu kumi, na hakuna aliyepona. Namshukuru Rais kwa kusimama na kusema. Lakini zile siku sita kati ya tarehe 14 na 20 ndizo ninazoziogopa, kwa sababu nilishaziishi zikiwa miezi. Marburg haina chanjo iliyoidhinishwa, kinga yake ni habari tu: nani ameugua, yuko wapi, nani amemgusa.

Mchangiaji wa kwanza (Singida)

Hilo la siku sita limenigusa. Sibadilishi msimamo kuhusu kufungia watu. Ila kama taarifa unayoitaka itaandika na lile lililofanywa vizuri, shule kufunguliwa, masoko kuachwa wazi, nitaisaini na mimi.

Mchangiaji wa tatu (Mwanza)

Mtoa mada, nimekaa na swali lako tangu asubuhi. Kweli upande ule sikuwa nao, nilichukulia hakuna kitu kwa sababu hakuna aliyesema kitu. Sina hakika ningechanja hata ningejua. Ila mama yangu nisingemzuia, na nilimzuia. Yuko hai, nashukuru Mungu, ana kisukari.

Rejista za mochwari zipo. Kila hospitali ina daftari. Waanze na miezi mitatu, Januari mpaka Machi 2021, mikoa yote, waweke pembeni na miaka mitatu ya nyuma yake. Nitasoma kila ukurasa.

Muuguzi (Tanga)

Kaka wa Mwanza, mpeleke mama kliniki ya kisukari ya karibu nawe, siku yoyote. Mwambie akifika aulize ni chanjo zipi hajapata, si korona tu. Na uende naye, usimtume peke yake.

Daftari zipo. Za miezi hiyo, baadhi nimeziandika kwa mkono wangu.