Siku tisa za kutazama ndege Kenya: nipunguze wapi?

Mwalimu wa Likoni
Habari zenu, ndugu wapenda ndege. Desemba nitakuwa na likizo ya siku tisa, nami nimekusudia kuitumia yote kutazama ndege. Nimejiandikia msitu wa Arabuko-Sokoke, hori ya Mida, milima ya Taita, uwanda wa Kinangop, ziwa Bogoria na msitu wa Kakamega. Najua nchi yetu ina zaidi ya aina 1,000 za ndege na kwamba siwezi kuwafikia wote, ila kila nikishika kalamu nifute mahali pamoja, moyo unakataa. Ninyi mliozunguka, mngefuta wapi?

Mwongozaji wa Gede
Karibu, Mwalimu. Mimi ningefuta nusu. Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, kwa kweli ni misitu mitatu ndani ya mmoja: kuna msitu mchanganyiko, kuna miti ya mirihi iliyoota kwenye mchanga mweupe, na kuna ule msitu mzito wa miti mifupi ulio kwenye udongo mwekundu. Mnana wa Clarke utamtafuta juu ya mirihi, akipita na kundi la ndege wengine, lakini bundi mdogo wa Sokoke makao yake ni kwenye udongo mwekundu, na ndiyo maana anayeishia upande wa barabara kuu hurudi akilalamika kwamba hakumwona. Wiki iliyopita niliwakuta wawili wamekaa bega kwa bega, mmoja wa kijivu na mwingine wa rangi ya kutu, kimo chao hakifiki sentimita 20, na mgeni wangu aliwaangalia dakika nzima akidhani ni majani makavu.

Mida nayo isikuponyoke. Usiende maji yakiwa yamekupwa kabisa, kwa sababu ndege hutawanyika mbali matopeni. Nenda yanapoanza kujaa, ili yawasogeze karibu nawe. Desemba utawakuta wale ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, wanaokula kaa, ambao hutaga ndani ya mashimo wanayochimba mchangani katika pwani za Uarabuni na Somalia, kisha huja kwetu kupitisha msimu.

Mkazi wa Nyandarua
Nakubaliana na mwenzangu kuhusu Pwani, lakini Kinangop naomba usiifute. Kakamega, ambao ni masalio ya msitu wa Kongo upande wetu, una hifadhi na walinzi wake, kwa hiyo mwakani bado utaukuta. Nyasi za Kinangop ziko kwenye mashamba ya watu. Kuna ndege mmoja wa kifua cha manjano chenye michirizi, anayepatikana Kenya tu, naye hutaka nyasi fupi zenye vishungi. Zikishalimwa, haishi hapo tena. Konde nililowaonea dume na jike miaka sita iliyopita leo ni la viazi, na siwezi kumlaumu mwenye shamba, kwa kuwa ana watoto wa kusomesha. Ukija, bisha hodi kwake kwanza, umlipe kidogo kwa kukuruhusu kupita, ili naye aone faida ya kubakiza nyasi.

Mwalimu wa Likoni
Nawashukuru sana. Basi nitakaa siku tano Sokoke na Mida, kisha nipande treni hadi Nairobi na kuendelea Kinangop kwa siku zilizobaki. Je, bundi huyo nimtafute usiku, na niwe na sauti yake kwenye simu?

Mwongozaji wa Gede
Tutamtafuta mchana, mahali anapolala, kwa kuwa tunazijua sehemu zao. Sauti ya simu tafadhali iache, maana akichokozwa mara kwa mara huhama, na kumpata tena ni kazi ya wiki nzima. Uje na darubini na viatu vya kufunika mguu, na tuonane langoni saa kumi na mbili kasorobo asubuhi.