Shule za ada kubwa na viongozi wetu: tupeane uzoefu

Wakuu, habari zenu. Kila uchaguzi ukikaribia nasikia hoja ileile: "Huyu tumpe, kasoma shule nzuri." Na shule nzuri siku hizi ni ada ya mamilioni na Kiingereza tangu chekechea. Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 67, haimdai mgombea ubunge cheti chochote cha shule. Inataka awe raia aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na aliyependekezwa na chama chake. Naomba tusimulie tuliyoyaona wenyewe kwa wabunge, madiwani, hata wenyeviti wa mitaa. Majina ya watu na ya shule tunazozilalamikia tuyaache.

Nianze mimi. Kata yetu iko pembezoni mwa Dar, maji tunanunua kwa dumu. Alikuja kijana anagombea udiwani, kasoma shule za kishua maisha yake yote. Anajieleza vizuri, hashiki karatasi. Mama mmoja muuza mihogo akamuuliza, "Mwanangu, dumu la maji hapa shilingi ngapi?" Kijana akamgeukia mpambe wake, mpambe naye hajui. Yule mama akakaa chini bila kuongeza neno, na kina mama waliokuwa nyuma yake wakaanza kujifunga kanga waondoke. Kijana hakuwa mjinga hata kidogo. Ila mtu aliyechukuliwa na gari la shule getini kwao na kushushwa getini kwao miaka yote hiyo, bei ya dumu angeijulia wapi?

Mchangiaji wa Tabora
Mkuu, mzee wangu alisoma Tabora Boys miaka ya 60. Tusisahau kwamba ile nayo ilikuwa shule ya wateule. Waingereza waliianzisha miaka ya 1920 wakiwalenga watoto wa machifu, wakaiga shule zao za bweni, viranja na yote. Nyerere, mtoto wa Chifu Burito, aliingia pale 1937. Kwa hiyo siwezi kusema shule ya wateule haitoi kiongozi. Lakini mzee anasema enzi zake bweni moja lilikuwa na mtoto wa mfugaji, wa karani na wa mkulima wa tumbaku. Mtihani ndio uliowafikisha, ada haikuwa kizuizi, na jembe walishika wote. Leo kinachochuja ni mfuko wa baba, na hilo linaniuma sana.

Mchangiaji wa Nairobi
Huku kwetu Kenya watu hupenda kutaja shule ya sekondari ya Alliance, iliyoanza 1926. Wanasiasa wa enzi za uhuru, Jaramogi Oginga Odinga na James Gichuru, wote walipita pale, kisha chuo cha Makerere. Mwaka 1966 Jaramogi akajiuzulu umakamu wa rais na kuongoza chama cha upinzani cha KPU, Gichuru akabaki serikalini. Walimu walewale, misimamo tofauti kabisa. Naye Tom Mboya, waziri wa enzi hizohizo, alitoka shule ya Mang'u akasomea ukaguzi wa afya. Siasa aliivia kwenye vyama vya wafanyakazi.

Mwalimu
Nafundisha shule ya ada kubwa. Uchaguzi wa kaka mkuu uliopita, mzazi mmoja alichapisha mabango ya rangi na fulana, mwingine akaleta katoni za juisi siku ya kampeni. Mtoto aliyekuwa na hoja kuliko wote, anayesoma kwa ufadhili, alikuja na karatasi ya daftari aliyoiandika kwa mkono. Akashindwa vibaya. Niliomba michango ya wazazi ipigwe marufuku, nikajibiwa kwamba wazazi ni wateja. Hayo ndiyo mafunzo ya uongozi tunayowapa, jamani, na wana miaka 16.

Diwani
Mimi ni diwani na nimesoma shule binafsi tangu la kwanza hadi kidato cha sita. Naomba tusihukumiwe kwa jumla. Midahalo ya shuleni ilinitoa woga, na kwenye kamati ya fedha taarifa ya mapato na matumizi isipojumlika nasimama na kusema, wataalamu wakasirike wasikasirike. Hilo shule ilinipa, sitalikana.

Watu nilikuja kuwajua Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kambi ya Bulombora, nilipokwenda kwa mujibu wa sheria, yaani mafunzo ya lazima baada ya kidato cha sita. Nililala hanga moja, yaani bweni la kambini, na wasichana wa shule za kata. Mmoja alikuwa kafaulu Kemia bila maabara; jaribio la kupima asidi alilichorewa ubaoni tu, mpaka siku ya mtihani. Mimi nilikuwa nalalamika kwamba maabara yetu ina joto. Utaratibu huu ulisimamishwa 1994 ukarudi 2013, na natamani kila anayemaliza kidato cha sita apite, asibaki mtu.

Mleta mada
Diwani, ahsante. Mnawasiliana bado na huyo wa Kemia?

Diwani
Sana. Ni muuguzi kwenye zahanati ya kata ya jirani. Dawa zikiisha, ananipigia simu kabla barua haijafika halmashauri.