Nimekabidhiwa TA wapya wa idara, nawachuja na kuwapima vipi?

Chaki_Nyeupe (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mhadhiri msaidizi kwenye chuo kimoja binafsi hapa Tanzania, idara ya takwimu. Mkuu wa idara kaniachia suala zima la wakufunzi wasaidizi, TA kama tunavyowaita: kuwachuja, kuwapiga msasa kabla muhula haujaanza, kisha kuwapima. Wenzetu wa vyuo vya umma wanaletewa watu na Sekretarieti ya Ajira. Sisi tunatangaza wenyewe, na maombi yameshajaa mezani.

Wote wana GPA ya 3.8 kwenda juu, wengine wana daraja la kwanza kabisa, 4.4 na ushee. Kwenye karatasi hawatofautiani. Ila muhula uliopita tulikuwa na TA mwenye GPA kubwa kuliko wenzake wote, na semina yake ilikuwa ni kujaza ubao majibu na kuondoka. Wanafunzi walinung'unika muhula mzima, halafu kwenye fomu ya tathmini wakampa alama za juu, maana kwenye kusahihisha alikuwa hana mkono wa birika.

Sasa nichuje kwa kigezo gani? Na nimpimeje mtu ikiwa fomu yenyewe ndiyo hiyo? Nawasilisha.

Mzee_wa_Semina
Mkuu, GPA inakuambia mtu alifaulu mitihani, basi. Baada ya hapo mpe dakika 15 afundishe, na asifundishe paneli. Tafuta wanafunzi wachache wa mwaka wa kwanza wakae mbele yake.

Kwa idara yako mimi ningempa swali moja tu: kwa nini tukitafuta varianzi ya sampuli, yaani kipimo cha namba zilivyotawanyika, tunagawa kwa n−1 na siyo n, idadi ya namba zenyewe? Wengi watakujibu "ndiyo fomula ilivyo". Hao waache waende. Anayefaa utamwona anaandika ubaoni 2, 4, 9, wastani 5. Anawauliza madogo kila namba imeachana na wastani kwa kiasi gani: −3, −1... hapo anafunika ya tatu kwa kiganja na kuuliza, "Hii ni ngapi?" Darasa zima linasema 4, kwa sababu jumla lazima iwe sifuri. Basi ya tatu haina uhuru, zilizo huru ni mbili, ndiyo n−1 hiyo. Huyo mchukue hata kama mwenzake kamzidi GPA.

Na angalia anafanya nini mwanafunzi akijibu vibaya. Ukiona kakimbilia kutoa jibu sahihi mwenyewe, ujue ndiye yule yule wa muhula uliopita.

Kijana_wa_Kozi
Mkuu nafasi zinafungwa lini? Nina 3.9 na hiyo ya n−1 nimeshaikariri hapa hapa 😂

Mzee_wa_Semina
Dogo, umekariri. Ndiyo tatizo lenyewe hilo.

Bint_Kilosa
Mleta mada, niseme kama mtu niliyekuwa TA, chuo sikitaji. Nilipewa kozi nzima wiki ya kwanza, mhadhiri mwenye somo yuko kwenye shughuli zake za ushauri mjini. TA kazi yake ni semina, maabara na kusaidia kusahihisha, chini ya mhadhiri. Kuachiwa mihadhara peke yake si kazi yake. Kabla hujamsema TA kwamba anajaza ubao, muulize mhadhiri wake kama walikaa hata nusu saa kwa wiki kupitia maswali ya semina. Mimi majibu nilikuwa natafuta usiku ili nifundishe asubuhi. Mtu wa hivyo ataacha wanafunzi waulize maswali? Hathubutu.

Jingine, kwenye huo msasa wako usione aibu kuzungumzia rushwa ya ngono. TA ana umri karibu sawa na wanafunzi, anaishi nao mtaa mmoja, na alama ziko mkononi mwake. Waonyeshe kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, wakisome kwa macho yao. Na wanafunzi nao waambiwe pa kupeleka malalamiko, isiwe kwa TA huyo huyo.

Mzee_wa_Semina
Dada umenena. Hapo kwa wahadhiri ndipo penyewe.

Kalamu_Nyekundu
Mimi niongelee kusahihisha. Chukua karatasi ya mtihani wa zamani, funika jina, toa nakala, kila TA asahihishe kivyake bila mwongozo. Utakuta swali la alama 10 huyu katoa 4, yule 9. Hapo huna haja ya kuwahubiria, wenyewe watabishana mpaka mwongozo wa alama upatikane. Muhula ukianza, chukua karatasi chache kutoka kila kundi uzipitie kabla alama hazijatoka. Ule ukarimu wa kununua fomu unaisha wenyewe.

Fomu usiitupe, ila badilisha maswali. "Mwalimu ni mzuri?" haisemi kitu. Uliza kama semina inaanza kwa wakati, kama karatasi zinarudi na maelezo, kama mwanafunzi akikosea anasaidiwa kuona alipokosea. Na ifanyike wiki ya nne au ya tano, siyo mwisho, ili TA apate muda wa kujirekebisha. Wewe mwenyewe ingia darasani ukae nyuma. Usimtaarifu.

Bint_Kilosa
Hapo kwa kutomtaarifu sikubaliani. Ukimvizia atakuona askari. Mwambie unakuja wiki fulani, siku usimtajie, na mkitoka mzungumze siku hiyo hiyo.

Chaki_Nyeupe
Asanteni sana wakuu. Dakika 15 mbele ya wanafunzi na zoezi la karatasi moja nimeyachukua kama yalivyo. Dada Bint_Kilosa, kikao cha kila wiki cha mhadhiri na TA nitakipeleka kwa mkuu wa idara kwa maandishi, ingawa najua baadhi ya wakubwa zangu watanuna. Mimi mwenyewe ni mdogo kwao kwa cheo na kwa umri.

Bint_Kilosa
Usikipeleke kama chako. Mwombe mkuu wa idara akiweke kwenye ratiba ya idara, saa na chumba vionekane. Wakinuna wainunie ratiba.