Ruzuku ya wanafunzi wawili wa staji (mafunzo ya kazi) kwenye maabara ndogo ya maji, Lubumbashi: nitie sahihi?

Maabara_Kampemba

Habari zenu wakubwa. Maabara yetu iko Kampemba, tuko watu watano. Tunapima maji ya visima na ya viwanda vidogo vya maji ya chupa, na mara mojamoja chakula. Kuna mpango unaopitia chuo: tupokee wanafunzi wawili wa biolojia kwa wiki 12, tuwalipe dola 40 kwa wiki kila mmoja, kisha turudishiwe asilimia 80 ripoti ya mwisho ikikubaliwa. Sahihi inatakiwa Ijumaa.

Je, hiyo asilimia 20 ndiyo gharama yote? Tuwape kazi gani bila kuhatarisha majibu ya wateja? Na karatasi zipi hukataliwa wakati wa kudai pesa?

Hesabu_Lshi

Ndugu, asilimia 20 ni sehemu ndogo. Piga hesabu: wawili × wiki 12 × dola 40 = dola 960. Utarudishiwa 768, yako ni 192. Lakini zile 960 zote zinatoka mfukoni mwako kwanza. Ripoti ikikaa miezi miwili mezani kwa watu, pesa iliyotoka wiki ya kwanza itarudi baada ya karibu miezi mitano. Kwa maabara ya watu watano, hiyo ndiyo pesa ya kununulia utando wa kuchuja (karatasi nyembamba inayonasa vijidudu vya maji). Omba kabla ya kutia sahihi: nusu ya marejesho ilipwe wiki ya 6 kwa ripoti fupi. Wakikataa, pokea mmoja tu.

Mtindo huu wa kulipa kwanza na kurudishiwa baadaye si wa hapa peke yake. Jimbo la Massachusetts, Marekani, linao tangu 2009 kwa kampuni za sayansi ya uhai zenye wafanyakazi wasiozidi 100. Ila ukiwa na watu watano, kusubiri marejesho kunauma zaidi.

Gharama isiyoandikwa popote ni saa za msimamizi. Wiki ya kwanza saa 3 kwa siku, wiki ya 2 hadi ya 4 saa 1 kwa siku, baadaye saa 3 kwa wiki. Jumla ni saa 54 hivi kwa mwanafunzi mmoja. Jiulize nani atazitoa, kwa jina.

Sasa karatasi. Daftari ya mahudhurio isainiwe kila siku, kuingia na kutoka. Ile inayojazwa Ijumaa mara moja inajulikana tu: wino mmoja, mwandiko mmoja, saa mbili kamili kila asubuhi kwa wiki nzima. Ukilipa kwa simu, hakikisha laini imeandikishwa kwa jina lile lile lililo kwenye mkataba. Wanafunzi wengi wanatumia laini ya kaka au mjomba, na hapo dai linarudishwa hata kama pesa ilifika kweli. Chapisha ujumbe wa malipo wenye namba ya muamala. Ukilipa kwa franga, andika kiwango cha siku hiyo kwenye hati ya malipo.

Jambo jingine: usimweke mwanafunzi mahali pa mfanyakazi aliyeondoka. Mkaguzi wa kazi anaangalia kazi inayofanyika, haangalii jina la karatasi. Akisema huyu ni mfanyakazi, mchango wa CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii) ni asilimia 18 (13 zako, 5 zake). Kwa posho ya mwanafunzi mmoja, dola 480, sehemu yako ni dola 62.40, bila kuhesabu adhabu.

Mama_Etuvi

Mimi najibu upande wa kazi. Kanuni yangu ni moja: jibu la mteja litoke mkononi mwa fundi, la mwanafunzi lifuate sambamba. Sampuli moja, chupa mbili za ml 100, kila mtu achuje yake. Kila kikao kianze na kumalizika kwa ml 100 za maji safi yaliyotakaswa. Koloni (doa la vijidudu vilivyoota pamoja) ikiota hapo, funeli haikutakaswa vizuri au mkono umegusa utando, na kazi yote ya kikao inarudiwa.

Kuhesabu koloni ndiko kunakoonyesha kama amejifunza. Sahani ileile ya kuoteshea vijidudu, wahesabu wawili: tofauti isizidi asilimia 10. Akirudia yeye mwenyewe, isizidi 5. Hapo ndipo anaruhusiwa kushika sampuli peke yake.

Wiki mbili za mwanzo asiguse utando, ni ghali. Afundishwe kumimina agari ya kawaida (jeli ya kuoteshea vijidudu): gramu 28 kwa lita, na lita moja inatoa sahani 50 za mm 90, ml 20 kila moja. Sahani iliyofunikwa ikiwa bado moto itajaa matone kwenye kifuniko, na matone yakishuka koloni zinatambaa na kuungana. Mwache aone mwenyewe hilo kosa mara moja.

Sasa kazi ambayo itawasaidia ninyi pia. Mkitumia otoklavu (chombo cha kutakasa vifaa kwa mvuke) ya mtindo wa sufuria, yenye saa ya presha tu, mwanafunzi aipime upya. Psi 15 (psi ni kipimo cha presha) inatoa 121 °C kwenye usawa wa bahari. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu, hewa ni nyepesi, na psi 15 hiyohiyo inatoa 119 °C hivi. Mnahitaji karibu psi 17. Kama sufuria haikutengenezwa kwa presha hiyo, msilazimishe vali: ongezeni muda kutoka dakika 15 hadi 25. Na mvuke utoke wazi dakika 10 kabla ya kufunga tundu, maana hewa iliyobaki ndani inapandisha presha bila kupandisha joto.

Kazi ya pili: inkubeta ya 44 °C, kabati la joto la kuoteshea vijidudu. Vipimajoto vitatu ndani ya chupa za maji, juu, katikati na chini, visomwe kila dakika 30. Kisha mzime umeme makusudi na kuandika inakaa dakika ngapi kabla ya kushuka chini ya 43.5 °C. SNEL (shirika la umeme) ikikata usiku, mtajua kama sahani za asubuhi ni za kuaminika au za kutupa.

Encadreur_Kassapa

Mama_Etuvi hapo juu amesema vizuri. Mimi naongeza upande wa chuo.

Mkataba uwe na sahihi tatu: chuo, maabara, mwanafunzi. Uandike tarehe, saa, jina la msimamizi, na nani analipa matibabu akikatwa na kioo. Hili la mwisho ndilo linalosahauliwa.

Matokeo yakiingia kwenye kazi yake ya mwisho, wateja wawe namba tu, V-01, V-02, na mtaa usitajwe kama una kisima kimoja kinachojulikana na wote. Mwenye kiwanda akiona jina lake limeandikwa pembeni ya koliformi (vijidudu vinavyoashiria uchafu wa kinyesi), umempoteza.

Mkipima damu pia, chukueni aliyekwisha chanjwa homa ya ini B. Dozi ni tatu, mwezi 0, 1 na 6, kwa hiyo wiki 12 hazitoshi kuzimaliza.

Kama mnaweza kuchagua majira, anzeni Novemba. Mvua inasukuma uchafu ndani ya visima vifupi na mwanafunzi ana kitu cha kuhesabu. Julai anaweza kukaa wiki nzima na sahani tupu.

Maabara_Kampemba

Aksanti sana wakubwa. Na mpango ukilazimisha wawili?

Hesabu_Lshi

Omba waingie kwa zamu: wa kwanza wiki 1 hadi 12, wa pili aanze marejesho ya wa kwanza yakishaingia. Pesa inayotoka kwa wakati mmoja inabaki 480, mradi marejesho ya wa kwanza yadaiwe peke yake.

Mama_Etuvi

Na wa kwanza amwachie wa pili daftari la inkubeta, limeandikwa kwa kalamu ya wino, kila kosa likatwe kwa mstari mmoja na sahihi. Wino mweupe wa kufutia usiruhusiwe.

Encadreur_Kassapa

Posho muilipe kila Ijumaa, msingoje mwisho wa mwezi. Anayetoka Ruashi anabadilisha gari kwenda na kurudi, na anayekosa nauli Jumatano hasemi, haji tu.