Je, serikali ya Marekani ilikuwa na mkono katika mauaji ya kundi la Manson?

Mdadisi: Ndugu wanajukwaa, salaam. Kila ninaposoma kuhusu mauaji yaliyofanywa Los Angeles mwezi Agosti 1969 na wafuasi wa Charles Manson, kiongozi wa kundi hilo, nakutana na madai kwamba CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilimtumia mtu huyu ili mahipi (vijana waliokataa desturi za jamii) waliopinga vita vya Vietnam waonekane wauaji. Je, kuna ushahidi?

Nahodha: Tuanze na yasiyo na ubishi. Katika mpango wa siri wa MKUltra, ulioanza mwaka 1953, CIA iliwalisha watu LSD, dawa ya kulevya inayoleta maono, bila wao kujua. Nayo FBI, shirika la upelelezi wa ndani, ilikuwa na mpango wa kuvuruga makundi ya upinzani, COINTELPRO, uliofichuka mwaka 1971 baada ya wanaharakati kuvunja ofisi yake mjini Media, Pennsylvania, na kuchukua majalada. Manson alitoka gerezani Machi 1967 akaingia San Francisco, mtaa wa Haight-Ashbury, ambako mwaka huohuo Louis Jolyon West, daktari wa akili aliyepokea fedha za MKUltra, alikuwa akiwachunguza mahipi. Hata hivyo, hakuna hati inayoonyesha kwamba wawili hao walikutana.

Bintisalim: Ahsante, kaka, lakini hujagusa jambo linaloniuma. Agosti 16, wiki moja tu baada ya mwigizaji Sharon Tate kuuawa na kundi hilo akiwa mjamzito, polisi walivamia ranchi ya Spahn, makazi ya kundi hilo, wakamkamata Manson na wenzake kwa tuhuma za wizi wa magari, kisha wakawaachilia kwa kuwa hati ya upekuzi ilikosewa tarehe. Mtu aliyekuwa bado chini ya uangalizi baada ya kifungo aliachwaje hivihivi?

Nahodha: Dada, swali lako ni la haki, ila mimi naona uzembe. Wapelelezi wa kaunti, waliokuwa wakichunguza mauaji ya Gary Hinman, mwanamuziki aliyeuawa na wafuasi wa Manson kabla ya Tate, waliwaeleza wenzao wa jiji, waliokuwa na kesi ya Tate, kwamba ukutani kwa Hinman pia, kama nyumbani kwa Tate, kulikuwa na maandishi ya damu, nao wakapuuza. Kinachonikasirisha mimi ni kwamba mwaka 1973 Richard Helms, mkuu wa CIA, aliamuru majalada ya MKUltra yaharibiwe, hivyo hata asiye na hatia hawezi kujisafisha. Mdadisi, takriban kurasa 20,000 zilinusurika kwa kuwa zilihifadhiwa pamoja na kumbukumbu za fedha, zikapatikana mwaka 1977. Nakushauri uanzie humo.